MAANDALIZI YA MWANAFUNZI WA KIISLAMU KWA ELIMU YA CHUO



Shukrani zote anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, masahaba wake na wote wanaofuata mwenendo wao hadi Siku ya Mwisho.

Ndugu mwanafunzi, somo hili limeandaliwa kwa ajili yako wewe uliye sekondari na unayehudhuria madrasa jioni na siku za mapumziko. Limeandaliwa pia kwa ajili ya mzazi wako, kwa sababu safari ya chuo mtoto haendi peke yake. Wazazi wengi wa Madibira wana nia njema, lakini hawakupata mtu wa kuwaeleza njia ilivyo, na mtoto aliyefaulu anabaki nyumbani kwa kukosa karatasi moja au taarifa moja.

MALENGO YA SOMO

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji aweze:
(i) Kueleza nafasi ya elimu ya chuo katika Uislamu.
(ii) Kutaja njia zinazomfikisha mwanafunzi chuoni na masharti yake.
(iii) Kupanga maandalizi yake kuanzia kidato cha kwanza hadi cha sita.
(iv) Kueleza taratibu za mkopo wa elimu ya juu na nyaraka zinazohitajika.
(v) Kueleza wajibu wa mzazi na jamii ya Waislamu katika jambo hili.

1. ELIMU NI MOJA

Wako wanaogawa elimu mafungu mawili, elimu ya dini na elimu ya dunia, kisha wakasema la kwanza ni ibada na la pili ni mambo ya watu. Mgawanyo huu hauna msingi imara. Wahyi wa kwanza, katika Suratul-'Alaq (96:1-5), ulimwamrisha Mtume (s.a.w.) kusoma kwa jina la Mola wake, na ukataja kalamu. Katika Surat Twaahaa (20:114) Mtume anafundishwa kumuomba Mola wake amzidishie elimu.

Mwenendo wa Mtume (s.a.w.) unatuonesha hivyo hivyo. Baada ya vita vya Badr, mwaka wa 2 wa Hijra, baadhi ya mateka wa Kiquraish waliojua kusoma na kuandika walikombolewa kwa kuwafundisha watoto wa Madina. Walimu hao walikuwa washirikina, lakini elimu yao ilihitajika ikachukuliwa. Zayd bin Thaabit (r.a.) naye aliamrishwa kujifunza maandishi ya Mayahudi ili aweze kuzisoma na kuziandika barua za Mtume.

Wanachuoni wakaweka wazi hukumu yake. Imamu Ghazali, katika kitabu chake Ihyaa Uluumid-Diin, ameitaja tiba na hesabu kuwa ni katika faradhi kifaya, yaani faradhi ambayo wakiitekeleza baadhi, wengine huwa wamesalimika, na ikiachwa na wote, wote huwa na dhambi. Akalalamika kuwa miji mingi haikuwa na tabibu Muislamu huku watu wakisongamana katika fiqhi.

Tujitazame sisi. Skimu yetu ya mpunga ina eneo la hekta 3,000 hivi, na maji yake yanatoka Mto Ndembera. Ni nani katika vijana wetu anayeweza kupima mfereji na kujua kwa nini maji hayafiki shamba la mwisho? Tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu, unaopokea maji ya bonde hili la Usangu, umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi. Ni nani katika watoto wetu atakaa katika kikao cha wataalamu wa maji akazungumza kwa hoja? Hata zaka ya mpunga inahitaji vipimo: nisabu yake ni wasaki tano, na kiwango chake ni sehemu moja ya kumi kwa mazao yaliyomwagiliwa na mvua au maji yasiyo na gharama, na sehemu moja ya ishirini kwa yaliyomwagiliwa kwa gharama. Hospitalini na katika maabara za shule ndiyo kabisa, upungufu wetu hauhitaji maelezo.

2. MLANGO ULIVYOFUNGULIWA

Zamani mlango wa elimu ya juu ulikuwa mwembamba kwa kila Mwafrika. Kabla ya mwaka 1961 Tanganyika haikuwa na chuo kikuu, na wachache waliopata nafasi walikwenda Makerere, Uganda. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu cha Sheria na wanafunzi wasiofika 20. Katika Nyanda za Juu Kusini shule nyingi za mwanzo zilikuwa za misheni, na wazazi wengi wa Kiislamu walisita kuwapeleka watoto wao huko wakihofia dini yao. Hofu ile ilieleweka, lakini gharama yake wajukuu wameilipa.

Pamoja na hayo, Waislamu wa Afrika Mashariki hawakukaa bure. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891-1947) aliandika katika gazeti lake Al-Islah, mwaka 1932, akiwahimiza Waislamu wasibaki nyuma kielimu. Mwaka 1951 ilifunguliwa Mombasa taasisi ya Kiislamu ya elimu ya ufundi, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Sheikh Abdallah Saleh Farsy (1912-1982), ambaye tafsiri yake ya Qur'an tunaitumia madrasani, alikuwa mwalimu wa shule aliyesomea chuo cha ualimu Zanzibar. Elimu ile haikumpunguzia usheikh wake.

Baadaye vikafuata vyuo vikuu. Chuo Kikuu cha Kiislamu nchini Uganda kilifunguliwa Mbale mwaka 1988. Zanzibar vilianzishwa vyuo viwili mwaka 1998, kimoja Tunguu na kingine Chukwani. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilianza mwaka 2005 katika majengo yaliyokuwa ya Shirika la Umeme.

Serikali nayo ilipanua njia. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule nyingi za mashirika chini ya Serikali, watoto wa dini zote wakaingia. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulileta shule za kata. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za Serikali ilifutwa mwaka 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022.

Kwa hiyo mtoto wa mkulima wa Madibira leo anaweza kusoma hadi kidato cha sita bila ada. Kilichobaki ni maandalizi, na hapo ndipo wengi wetu tunapoanguka.

3. NJIA ZA KUFIKA CHUONI

Wengi wanadhani njia ni moja, na mtoto akikosa kidato cha tano wanamhesabu kuwa ameshindwa. Si kweli. Njia ziko tatu.

(a) Njia ya kidato cha sita.
Sharti la chini la kuingia chuo kikuu ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi (kombi) wenye jumla ya alama 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Mwenye D mbili ana alama 4, na mwenye C na E pia ana 4. Lakini hicho ni kizingiti tu cha mlango. Kozi kama udaktari na uhandisi zina masharti yake makubwa zaidi, na ushindani ni mkali.

(b) Njia ya astashahada na stashahada.
Aliyemaliza kidato cha nne anaweza kujiunga na chuo cha kati, akasoma hadi stashahada, kisha akaingia chuo kikuu akiwa na GPA ya 3.0 au zaidi na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Humu humu wilayani Mbarali tuna Chuo cha Kilimo Igurusi kinachofundisha umwagiliaji. Viko pia vyuo vya afya, ualimu na ufundi katika mikoa ya Mbeya na Iringa.

Hapa pana jambo ambalo kila mwanafunzi wa madrasa alizingatie. Vyuo vingi vya kati vinataka ufaulu wa masomo manne YASIYO ya dini. Somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu ni faida kubwa kwako, lisome na ulifaulu vizuri. Lakini ukiwa na ufaulu wa masomo manne na moja kati ya hayo ni la dini, mbele ya chuo una matatu. Na anayetaka tiba ahakikishe Biolojia, Kemia na Fizikia zimo katika ufaulu wake.

(c) Njia ya Chuo Kikuu Huria.
Chuo hiki kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994. Mwanafunzi husoma akiwa kwake, na kina vituo Mbeya na Iringa. Ambaye hakutimiza sharti la chini anaweza kuomba programu ya msingi ya chuo hicho, na akiifaulu kwa GPA ya 3.0 anastahiki kuomba shahada. Njia hii inawafaa pia walimu wetu wa madrasa na akina mama wenye familia.

Kwa upande wa chuo kikuu, tusidhani ni lazima kwenda Dar es Salaam. Mkwawa, Iringa, ambapo zamani palikuwa shule ya sekondari, pamekuwa chuo kikuu kishiriki cha elimu tangu mwaka 2005. Chuo cha Ufundi Mbeya kilichoanza mwaka 1986 kikawa chuo kikuu cha sayansi na teknolojia mwaka 2012. Sokoine, Morogoro, ni chuo kikuu cha kilimo tangu mwaka 1984.

4. MAANDALIZI KIDATO KWA KIDATO

(a) Kidato cha kwanza na cha pili. Adui wa kwanza hapa ni lugha. Mtoto ametoka shule ya msingi akisoma kwa Kiswahili, ghafla karibu kila somo ni Kiingereza. Weka daftari dogo la maneno. Kila siku andika maneno matano ya masomo yako na maana zake, na kila Ijumaa yarudie yote. Hii ndiyo muraja'a unayoifanya katika kuhifadhi Qur'an. Unajua mwenyewe kwamba sura usiyoirudia inakukimbia, na Kemia ni hivyo hivyo.

Tahadhari moja: usiwe hodari wa kukariri tu. Katika Qur'an unahifadhi lafudhi kama ilivyo, na hilo ni sahihi. Katika Fizikia ukikariri jibu bila kuelewa njia, swali likigeuzwa kidogo umepotea. Kaeni halaqa ya watu wanne au watano, kila mmoja aeleze jambo moja kwa maneno yake mwenyewe mpaka wenzake waelewe.

(b) Kidato cha tatu na cha nne. Hapa unachagua masomo, na uchaguzi huu unafungua au kufunga milango ya mbele. Usikimbie Hisabati na sayansi kwa kusikia kuwa ni ngumu. Ukijaza Selform, usijaze kwa kumfuata rafiki. Kaa na mwalimu wa taaluma na mzazi wako, jiulizeni kozi unayoitaka inadai tahasusi ipi. Wenye kupenda masomo ya dini wajue kuwa mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi mpya na kufikisha 65, zikiwemo za masomo ya dini. Kabla ya kuichagua yoyote, uliza inampeleka mtu kozi zipi.

(c) Miezi ya kusubiri. Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba, na kidato cha tano huanza Julai. Vijana wengi wanapotelea katika miezi hii. Mmoja anapewa pikipiki, mwingine anapewa robo eka, pesa ya kwanza inaingia mkononi, na barua ya kujiunga inapokuja haoni haja ya kwenda. Kusaidia shamba ni wema kwa wazazi. Lakini mzazi na kijana wakubaliane mapema kwamba kazi hii ina mwisho wake. Asubuhi shamba, jioni vitabu vya kidato cha tano, na papo hapo nyaraka zishughulikiwe.

(d) Kidato cha tano na cha sita. Muda ni mfupi kuliko unavyodhani, haufiki miaka miwili. Mitihani ya miaka iliyopita ifanyeni kwa saa kama ya siku yenyewe. Swala tano zisiachwe kwa kisingizio cha mtihani, kwani mwenye kulinda nyakati za swala tayari ana ratiba ya siku.

5. NYARAKA NA JINA LAKO

Jambo hili linaonekana dogo lakini limewazuia wengi. Nyumbani mtoto anaitwa Muhammad, cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamedi, cheti cha kidato cha nne kinasema Mohamed, na jina la babu limeandikwa katika kimoja na kuachwa katika kingine. Sisi tunajua ni mtu yule yule. Kompyuta ya Bodi ya Mikopo haijui.

Basi fanya yafuatayo:
(i) Hakikisha jina linaloandikwa katika fomu ya kujisajili kwa mtihani wa kidato cha nne linalingana herufi kwa herufi na cheti cha kuzaliwa.
(ii) Asiye na cheti cha kuzaliwa akitafute akiwa bado kidato cha kwanza, si baada ya matokeo.
(iii) Majina yakishatofautiana, ipo njia ya kisheria ya hati ya kiapo. Ianzeni mapema, ina gharama na ina muda wake.
(iv) Aliyefiwa na mzazi awe na cheti cha kifo. Yatima hupewa kipaumbele katika mkopo, lakini kwa ushahidi. Vyeti vya kuzaliwa na vya kifo huhakikiwa na RITA.
(v) Familia iliyo katika mpango wa TASAF itunze namba yake ya kaya.
(vi) Mdhamini awe na kitambulisho halali, na atafutwe kabla.

6. GHARAMA, MKOPO NA MSIMU WA MPUNGA

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Mkopo wake unaweza kugusa ada, chakula na malazi, vitabu na mafunzo kwa vitendo. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 mikopo imeanza kutolewa pia kwa baadhi ya kozi za stashahada. Na tangu mwaka 2022 upo ufadhili wa Samia kwa waliofanya vizuri sana katika tahasusi za sayansi kidato cha sita.

Suala la riba. Baadhi ya wazazi waliwazuia watoto wao kuomba mkopo kwa sababu deni lilikuwa likiongezewa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani, na asilimia 10 ya adhabu kwa aliyechelewa. Wasiwasi wao ulikuwa na sababu, kwani riba ni katika madhambi makubwa. Lakini tozo hizo mbili zilifutwa mwaka 2021. Mwenye shaka juu ya sharti lolote lililobaki alisome mwenyewe, kisha amuulize mwanachuoni anayemwamini. Kumkatisha mtoto masomo kwa sababu ya habari ya zamani si uchamungu. Na anayekopa ajue ni deni. Mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake hadi limalizike, na kukwepa kulilipa ni dhulma kwa wanafunzi wanaokuja.

Sasa tazameni kalenda. Mtihani wa kidato cha sita unaisha Mei. Kwa miaka ya karibuni dirisha la mkopo limekuwa likifunguliwa Juni, matokeo hutoka Julai, maombi ya vyuo yanafuata, na masomo huanza Oktoba au Novemba. Kijana anaweza pia kuitwa Jeshi la Kujenga Taifa katika miezi hiyo hiyo. Kwa hiyo nyaraka ziwe tayari kabla ya Mei, na mzazi ajue zilipo.

Na miezi hiyo ndiyo mavuno yetu. Mpunga unaingia ndani, pesa inaonekana, harusi zinaanza, bati zinanunuliwa. Oktoba chuo kinafungua na pesa imekwisha. Kutoka kidato cha kwanza hadi siku ya kuingia chuo hupita mavuno saba. Familia ikitenga gunia mbili kila mavuno, zinakuwa gunia 14. Hata mkopo ukipatikana, haji mara moja, na mwanafunzi anahitaji nauli, godoro na chakula cha wiki za mwanzo. Gunia 14 zinatosha kumfikisha hapo bila mzazi kukopa kwa walanguzi mpunga ukiwa bado shambani.

Jamii nayo ina fungu lake. Kila mkulima katika jamaa ya msikiti akitoa debe moja baada ya mavuno kwa ajili ya vijana wetu, likasimamiwa na watu waaminifu na hesabu ikasomwa hadharani, hakuna yatima atakayeshindwa kulipia maombi ya chuo.

7. MABINTI ZETU

Hukumu ya kutafuta elimu haikumbagua mwanamke. Historia inamtaja Fatima al-Fihri kuwa ndiye aliyeuasisi msikiti wa Qarawiyyin, Fez, mwaka 859, ambao ulikuja kuwa chuo mashuhuri. Wazazi wanaohofia maadili ya binti akiwa mbali wana haki ya kuhofia. Dawa yake ni kuuliza: mabweni yakoje, je, ipo jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu, nani ndugu yetu aliye karibu? Na binti akilelewa vizuri nyumbani na madrasani, huenda na hijabu yake na dini yake.

Kumuoza binti aliye shuleni si suluhisho. Sheria ya Elimu, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inakataza kumuoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Kabla ya sheria, tukumbuke kwamba tunataka wake zetu watibiwe na wanawake. Wanawake hao watatoka wapi ikiwa kila mmoja anamrudisha wake nyumbani kidato cha pili?

HITIMISHO

Ndugu mwanafunzi, weka nia safi, kwani amali huzingatiwa kwa nia. Soma kwa ajili ya radhi za Allah (s.w.) na manufaa ya waja wake, na riziki itakuja ndani yake. Mzazi, kabla hujalala leo, kitafute cheti cha kuzaliwa cha mwanao na ukilinganishe na jina analotumia shuleni.

ZOEZI

1. Eleza maana ya faradhi kifaya, kisha taja fani tatu ambazo Waislamu wa Madibira wanazihitaji.
2. Mwanafunzi ana D katika Kiswahili, Historia, Uraia na Elimu ya Dini ya Kiislamu. Je, anatimiza sharti la masomo manne yasiyo ya dini? Eleza.
3. Mwanafunzi wa kidato cha sita amepata C moja na D moja katika tahasusi yake. Ana alama ngapi?
4. Linganisha jina lako katika cheti cha kuzaliwa na katika kumbukumbu za shule. Andika tofauti uliyoiona.
5. Pamoja na mzazi wako, tengenezeni kalenda ya familia inayoonesha miezi ya kilimo, mavuno, mitihani na maombi ya chuo.

Wabillahi tawfiiq.